Kikao cha kuandika na shindano: namna ya kuviendesha klabuni

Maswali ni yaleyale kila mwezi. Watu waandike kwa muda gani? Nani asome kwanza? Majaji wawe wangapi? Mwenyekiti naye anaruhusiwa kushindana? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu mlangoni watu wakiagana, na sasa nayaandika ili mtu akiniuliza nimpe karatasi.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya waandishi, na kwa kazi hiyo nimekwisha kukosea karibu kila jambo utakalolisoma hapa. Kosa lililotuumiza zaidi lilitokea kwenye kikao cha tatu. Tulikuwa kumi na mmoja. Mmoja wetu akasema, "Tukoleze kidogo, kila anayesoma tumpe alama kati ya kumi." Tukacheka, tukakubali. Aliyepewa nne ndiyo kwanza alikuwa ameandika hadithi maishani mwake. Kikao kilichofuata tulikuwa watano.

Tangu hapo tunavitenga vitu hivi viwili. Kikao ni mahali pa kuandika vibaya bila kuona haya. Shindano ni mahali pa kupeleka kazi iliyokwisha kupigwa msasa, ikasomwe na mtu asiyejua ni ya nani. Kwenye kikao hakuna alama. Kwenye shindano hakuna majina. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hayo mawili, kwa hiyo ukisahau mengine yote, shika hayo.

KABLA HUJAANZA

Kwa kikao unahitaji:

- chumba chenye meza na mlango unaofungika;
- watu watano hadi tisa;
- karatasi na kalamu za ziada, maana daima yuko aliyekuja mikono mitupu;
- saa inayoonekana na mtu mmoja wa kuitunza;
- kiongozi wa kikao, ambaye si lazima awe mwandishi bora kuliko wengine, ila awe mtu anayeweza kumkatiza mzungumzaji bila kumuudhi;
- kichocheo cha kuandikia, yaani hali fupi ya kuanzia hadithi, kilichoandaliwa nyumbani.

Kwa shindano ongeza haya: ukurasa mmoja wa kanuni, mratibu asiyeshindana wala kuhukumu, majaji watatu, na mahali pa kuweka orodha ya majina ambapo majaji hawafiki.

Idadi ya watu siyo jambo la kubahatisha, ni hesabu. Kwa dakika 25 mtu anayeandika kwa mkono hupata maneno kama 250 hadi 350. Kuyasoma kwa sauti, bila haraka, kunachukua dakika tatu hivi. Maoni, dakika nne. Hizo ni dakika saba kwa kila mtu. Watu wanane ni dakika 56. Ukiongeza muda wa kuandika na wa kupumzika, saa mbili zimekwisha. Sasa fikiria watu kumi na watano: dakika 105 za kusoma na maoni peke yake. Wa mwisho watasomea watu waliokwisha kushika mikoba. Mkizidi tisa, gawanyikeni makundi mawili wakati wa kusoma.

KIKAO, HATUA KWA HATUA

1. Anza saa mliyokubaliana, hata mkiwa watatu. Ukimsubiri anayechelewa, umewafundisha waliowahi kwamba wakati ujao nao wachelewe.

2. Soma kanuni kwa sauti, kila kikao, hata kama wote wanazijua. Zetu ni tatu: hakuna alama wala cheo, kilichosomwa humu hakisimuliwi nje, na mtu ana haki ya kusema "leo sisomi" bila kuulizwa sababu. Hiyo ya tatu ndiyo inayowarudisha wageni.

3. Pasheni mkono moto kwa dakika tano. Kalamu isisimame. Ukikosa cha kuandika, andika "sina cha kuandika" mpaka kitu kije. Karatasi hii haisomwi na mtu yeyote, kwa hiyo usiiulizie.

4. Toa kichocheo kimoja. Hapa ndipo viongozi wapya wanapoteleza: wanatoa mada badala ya kichocheo. Ukisema "Andikeni kuhusu mapenzi" utapata insha nane zenye sentensi zinazofanana. Ukisema "Mtu anarudisha kitu alichoazima miaka kumi iliyopita" utapata hadithi nane, maana tayari kuna watu wawili, kuna kitu mkononi, na kuna deni. Kichocheo kizuri kina mtu, kina kitu, na kina jambo lisilokaa sawa. Vingine ambavyo vimetusaidia: watu wawili wanagombana lakini hakuna anayetaja wanachogombania; barua imefika kwenye nyumba sahihi kwa mtu asiye sahihi; viti vimewekwa vitano, wageni ni wanne, na hakuna anayethubutu kuuliza.

Usitoe vichocheo vitatu ili watu wachague. Watatumia dakika kumi kuchagua.

5. Andikeni dakika 25, kimya. Simu zikae mezani zikiwa zimefunikwa. Kiongozi naye aandike. Kiongozi anayezungukazunguka akichungulia karatasi za watu anageuza kikao kuwa chumba cha mtihani. Mtunza saa aseme "zimebaki tano", kisha "malizia sentensi".

6. Pumzikeni dakika kumi. Usiziruke. Mtu aliyetoka kuandika bado yumo ndani ya hadithi yake. Mwache atoke kwanza kabla hujamwambia asikilize ya mwenzake.

7. Someni. Anayesoma aanze moja kwa moja. Sisi tumepiga marufuku utangulizi wa aina ya "samahani, sijaimaliza, halafu mwanzo wake sijaupenda". Akianza hivyo, kiongozi anamwambia kwa upole, "Tusomee tu." Nani aanze? Anayetaka. Akikosekana, kiongozi aanze mwenyewe, tena aanze na kazi mbovu aliyoiandika muda huohuo. Hakuna kitu kinachowatoa wengine hofu kama hicho.

8. Toeni maoni, mwandishi akiwa kimya. Wasikilizaji wajibu maswali matatu kwa mpangilio huu: Nini kimebaki kichwani mwako? Wapi ulipotea? Unataka kujua nini zaidi? Hakuna swali la nne linalouliza "ungeiandikaje wewe?" Mwandishi anaandika anayoambiwa, hajitetei. Mwisho anapewa dakika moja kuuliza, siyo kujibu.

Nikuonyeshe kwa nini mwandishi anyamaze. Siku moja mwenzetu alisoma kipande kuhusu dada wawili na mama yao, chumba kimoja, usiku. Kilikuwa na sentensi hii: "Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia hajamsamehe." Msikilizaji wa kwanza akasema imemgusa sana pale mama anapokataa kumsamehe bintiye. Wa pili akasema, "Mama? Mimi nilidhani ni dada mkubwa." Wa tatu alielewa kwamba dada mdogo anamweleza dada yake kuwa mama ndiye hajamsamehe. Lugha yetu hii, "a" na "m" zinabeba kila mtu: mwanamke, mwanamume, mkubwa, mdogo. Watu watatu wakiwa chumbani, sentensi hiyo ina majibu zaidi ya sita. Mwandishi angefungua mdomo mapema akasema "ni dada mkubwa bwana, iko wazi", tusingegundua kwamba haiko wazi kwa yeyote. Aliandika majina pembeni, akakuna kichwa, na kikao kilichofuata akaja na kipande ambacho jina la dada mkubwa linatajwa mara moja tu, lakini mahali panapostahili.

9. Funga kwa wakati. Tangaza siku ya kikao kijacho kabla watu hawajasimama. Wakishasimama hakuna anayesikia.

Tahadhari moja ambayo haina hatua yake: "nzuri sana!" nayo ni hukumu. Wa kwanza akiambiwa "nzuri sana" na wa pili akaambiwa "asante", wa pili amekwisha kuelewa. Mwombe msifiaji ataje neno au sentensi aliyoipenda.

MKITAKA KUANDIKA KITU KIMOJA KWA PAMOJA

Wengi huuliza kuhusu hili, na jibu ni jepesi kuliko wanavyodhani. Kwa ushairi, tumieni mkufu, ambao wengine huuita pindu: kipande kinachofunga ubeti mmoja ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Mtu wa kwanza anaandika ubeti, anampa wa pili, naye anaanza na maneno yaleyale ya mwisho. Muda uwe dakika kumi kwa ubeti wenye vina na mizani, tano kwa shairi huru. Wengine wakisubiri zamu wasikae bure: anzisheni mikufu mingi kwa wakati mmoja, kila mtu na karatasi yake, zote zinazunguka kuelekea kulia.

Kwa nathari, kuna mchezo wa karatasi iliyokunjwa ambao kundi la washairi na wachoraji wa Paris waliupenda sana miaka ya 1920. Unaandika mistari miwili, unakunja karatasi ili ubaki unaonekana wa pili tu, unampa jirani. Matokeo huwa ya kuchekesha, mara chache huwa mazuri. Ufanye kama kipasha mkono tu. Usitegemee kupata hadithi ya kuchapisha.

Mapema, kabla ya kuanza, kubalianeni kazi ya pamoja ni ya nani. Semeni wazi: ama ni ya klabu, ama haitumiki popote. Ukingoja mpaka ipendeze, utakuwa umechelewa.

SHINDANO, HATUA KWA HATUA

1. Andika kanuni, ukurasa mmoja. Zitaje: nani anaruhusiwa, aina ya kazi, lugha, urefu, mtu anaweza kutuma kazi ngapi (sema moja, utajishukuru), kazi isiwe imechapishwa popote, pamoja na kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, na isiwe tafsiri ya kazi ya mtu mwingine. Andika pia kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Klabu ikitaka kuichapisha kazi iliyoshinda, inaomba ruhusa ya kuitumia mara moja. Kuna mashindano yanayoweka kisentensi kidogo chini kabisa kinachochukua haki zote. Usiige.

Kuhusu akili unde (AI), usiseme tu "hairuhusiwi". Eleza: kusahihisha tahajia, sawa au siyo sawa? Kupewa wazo? Kuandikiwa aya? Kila klabu iamue, lakini iamue kabla. Na usitegemee programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Hukosea, na atakayetuhumiwa kwa kosa lao ni mwanachama wako. Bora kanuni iseme kwamba mshindi anaweza kuombwa rasimu zake za awali.

2. Pima urefu kwa maneno ya Kiswahili. Watu huchukua "maneno 3,000" kutoka kwenye mashindano ya Kiingereza wakayaweka hapa. Lakini "nitakapomwambia" kwetu ni neno moja. Kule ni manne au matano. Hadithi ya Kiswahili yenye maneno 3,000 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kwa shindano la klabu, 1,500 inatosha kabisa. Ukipata kazi 40 za urefu huo ni maneno 60,000, sawa na riwaya. Kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika ni saa sita na dakika 40, kusoma mara moja tu, na jaji mwaminifu husoma angalau mara mbili. Wape majaji wiki tatu, siyo siku tatu.

3. Andika tarehe ya mwisho ambayo haina ubishi. Hili limeniletea kesi nyingi kuliko hukumu yenyewe. "Mwisho ni usiku wa Ijumaa." Usiku upi? Kwa wazee wengi usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kwa kijana ni Ijumaa yenyewe. Ukisema "Ijumaa saa 6 usiku" umezidisha. Andika siku, tarehe na saa ya mchana: "Jumamosi tarehe 14, saa 12 jioni." Imepita dakika moja? Imepita. Ukimhurumia mmoja, wa pili atakujia na ushahidi.

4. Tafuta majaji watatu. Mmoja ni dikteta, wawili watakwama, watano hawatapatikana siku moja. Wasiwe washindani, wasiwe ndugu wa washindani, na, hili wengi hawalifikirii, wasiwe watu wanaohudhuria vikao vyenu. Hadithi nyingi zinazoletwa kwenye shindano zilizaliwa kikaoni. Jaji aliyekuwepo wakati zinasomwa anazijua kwa sauti ya mwenyewe. Ukificha jina umefanya kazi bure. Azima majaji kwenye klabu nyingine, na wao wakifanya shindano mwalipe kwa hisani hiyohiyo.

Mwenyekiti anaruhusiwa kushindana? Kikanuni, anaweza, ikiwa hakuchagua majaji wala hashiki orodha ya majina. Kwa maoni yangu asishindane. Akishinda watanong'ona, akishindwa watacheka.

5. Pokea, ficha majina, toa namba. Kazi zote ziingie kwa mratibu mmoja. Kila kazi ipewe namba isiyofuata mpangilio wa kupokelewa, na orodha ya namba na majina ikae mahali pamoja tu.

Kuondoa jina kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi. Nilijifunza kwa aibu. Nilifuta majina yote, nikawatumia majaji majalada 19 ya kompyuta, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi jaji mmoja akanipigia: "Namba 12 ninamjua, jina lake limo kwenye jalada." Alibofya sehemu ya maelezo ya jalada, na humo kompyuta ilikuwa imehifadhi jina la mwenye mashine. Mengine mawili yalikuwa na jina kwenye kichwa cha kila ukurasa kuanzia wa pili. Ilibidi nibadilishe jaji. Sasa sitaki ubishi: ninanakili maandishi matupu ya kila kazi na kuyaweka kwenye jalada jipya nililolitengeneza mimi, fonti moja, ukubwa wa nukta 12, nafasi moja na nusu kati ya mistari, jina la jalada likiwa namba tu. Kazi za mkono huchapwa upya, maana mwandiko wa mtu hutambulika kama sura yake.

6. Wape majaji karatasi ya alama. Kwa hadithi fupi tunatumia: wahusika na sauti 30, mpangilio wa visa 30, lugha 30, kushika mada 10. Msifike mpaka vigezo kumi na viwili. Jaji ataanza kujumlisha badala ya kusoma.

Kwa ushairi, tenga shairi la arudhi, yaani lenye vina na mizani, na shairi huru. Ukiyaweka kapu moja, majaji watagombana wao kwa wao kabla hawajafika kwenye kazi. La arudhi lihesabiwe kwa uzito wake: kama kanuni imesema mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), basi wahesabu. Wakumbushe kwamba "mtoto" ni mizani tatu na "mbuzi" ni mbili, kwa sababu ile "m" ya kwanza inasimama peke yake na ya pili imeshikamana na "b". Nimeona shairi likikatwa alama isivyo haki kwa jambo hilo.

7. Linganisha nafasi, usijumlishe alama. Huu ndio ushauri wangu wa maana kuliko yote ya shindano, kwa hiyo vumilia hesabu kidogo. Chukua kazi tatu:

Jaji wa kwanza: namba 03 alama 68, namba 11 alama 66, namba 07 alama 64.
Jaji wa pili: 03 alama 66, 11 alama 65, 07 alama 61.
Jaji wa tatu: 03 alama 40, 11 alama 55, 07 alama 88.

Ukijumlisha, 03 ina 174, 11 ina 186, na 07 ina 213. Mshindi ni 07, kazi ambayo majaji wawili kati ya watatu wameiweka mwisho. Jaji wa tatu ameamua peke yake, siyo kwa hila, ila kwa sababu mkono wake hupanda na kushuka sana ilhali wenzake wanabana. Sasa tumia nafasi: 03 ina 1, 1 na 3, jumla 5. Namba 11 ina 2, 2 na 2, jumla 6. Namba 07 ina 3, 3 na 1, jumla 7. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, yaani 03. Alama zitumike kumsaidia jaji kupanga, kisha ziwekwe kando.

8. Kutanisha majaji baada ya kila mmoja kuwasilisha orodha yake, siyo kabla. Wakizungumza kabla, mwenye sauti nene atahukumu kwa niaba ya wote. Kwenye kikao hicho wazungumzie tu kazi zilizofungana au ile ambayo wamepishana mno. Katika mfano wetu, namba 07 inastahili kuzungumziwa: jaji wa tatu ameona nini? Anaweza kuwashawishi wenzake, na hiyo ni haki yake, ilimradi afanye kwa maneno mbele yao.

9. Fungua majina mbele ya mashahidi wawili. Kisha mpigie mshindi kabla ya kutangaza, uhakikishe kazi ni yake na haijachapishwa. Siku ya kutangaza anza na wa tatu, na soma aya ya kwanza ya kila kazi kabla ya kutaja jina. Dakika hizo, ukumbi ukisikiliza bila kujua ni ya nani, ndizo mimi binafsi huzipenda kuliko zawadi.

10. Rudisha maoni uliyoahidi tu. Sentensi mbili kwa kila mshiriki zinawezekana. Ukurasa mzima kwa watu 40 hauwezekani, usiuahidi.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Mtu mmoja anazungumza kila mara. Mpe saa aitunze. Haitibu, ila inapunguza.

Hakuna anayetaka kusoma. Wasome wawili wawili, kila mtu na jirani yake, kwa vikao viwili. Cha tatu wataomba wenyewe.

Mtu amesoma jambo zito kuhusu maisha yake na analia. Msitoe maoni ya uandishi. Kiongozi aseme "asante kwa kutusomea", mpumzike hata kama siyo muda wa kupumzika, na mtu mmoja aliye karibu naye akae naye. Baadaye, siku nyingine, muulize kama anataka ile karatasi izungumziwe kama kazi. Wengi husema hapana.

Maoni yamegeuka mabishano ya sarufi. Sarufi iandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa mwandishi mwishoni. Kwa sauti, maswali matatu tu.

Simu imeharibu kazi. Kazi zilizoandikwa kwenye simu huja na vituko: "sana" imekuwa "Santa", "kama" imekuwa "karma". Wakumbushe washiriki wazime usahihishaji wa Kiingereza. Wewe mratibu usisahihishe, hata kama mkono unawasha. Ukisahihisha ya mmoja umewadhulumu wengine.

Kazi ni chache mno. Zikiwa chini ya sita, sogeza tarehe mara moja tu, kwa tangazo la wazi, na waliokwisha kutuma waruhusiwe kuboresha zao. Zisipoongezeka, someni mlizonazo kwenye kikao cha kawaida bila mshindi.

Hakuna kazi iliyostahili. Kama kanuni zilisema majaji wanaweza kutotoa nafasi ya kwanza, watumie haki hiyo. Kama hazikusema, mpeni aliyeongoza, na mwaka ujao ongezeni kanuni.

Aliyeshinda ameiba. Usitangaze kwenye kundi. Mpigie, mwonyeshe kazi ya asili, msikilize. Akikiri, au ushahidi ukiwa wazi, nafasi yake inachukuliwa na aliyefuata, na tangazo linasema tu "matokeo yamerekebishwa baada ya uhakiki". Atakayetaka jina aambiwe kwamba hilo ni la mratibu na mhusika.

Aliyeshindwa analalamika. Mpe namba yake, nafasi alizopewa na majaji watatu bila majina yao, na yale maoni ya sentensi mbili. Usijadili kazi ya mshindi naye. Akisema majaji hawajui fasihi, na yeye si mtu wa vikao vyenu, mwambie mwaka ujao mnahitaji majaji na yeye asishindane. Wawili niliowahi kuwaambia hivyo, mmoja alinuna. Wa pili alikubali, akasoma kazi zote, na siku ya kurudisha orodha yake aliniuliza kama inaruhusiwa kuweka watu wanne nafasi ya kwanza.